Maswali ya Wasomaji: Timu Inayofuata Mwezi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka hapa mkoani kwetu Kigoma, kuanzia Kibirizi, kwenye mwalo wa kushushia samaki, hadi Kasulu, na kila mwandishi kwa namna yake ameuliza kama ni kweli kwamba michezo humjenga kijana na kuiimarisha jamii, au kama hayo ni maneno ya kupamba hotuba za ufunguzi wa mashindano. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake yamo mengi ambayo wasomaji wengine pia wameyauliza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, nina umri wa miaka 27, na ndiye ninayeisimamia timu ya mtaa wetu yenye vijana 22. Wengi ni wavuvi wenzangu, wachache wanaendesha bodaboda, na wanne bado wako sekondari. Uwanja tunao, ingawa magoli yetu ni mawe mawili kila upande. Shida yetu ni mahudhurio. Wiki moja wanakuja 18, wiki inayofuata wanakuja watano, hadi mfanyabiashara aliyetununulia jezi ametuita wababaishaji, na wazee wa mtaa wanasema kwamba mpira ni shughuli ya watu wasio na kazi. Nifanye nini ili timu hii iwe na faida katika maisha ya vijana hawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama kwenye siku ulizopata wachezaji 18 na siku walizofika watano, halafu kumbuka mwezi angani ulikuwaje siku hizo. Wewe ni mvuvi, hivyo huhitaji kufundishwa na mtu wa nchi kavu kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kwamba mbalamwezi inapoangaza, taa hazifui dafu mbele yake, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi hubaki ufukweni kwa siku kadhaa. Vijana wako si wababaishaji hata kidogo. Katika siku za giza wamekesha ziwani, wametua alfajiri, wameshusha mzigo, wameanika nyavu, wamelala saa chache za mchana, na saa kumi jioni wewe unawapigia filimbi wakati ambapo wao wanatafuta mafuta ya injini na kuangalia betri za taa ili warudi majini. Ratiba ya Jumanne na Alhamisi ni nzuri kwa watu wa ofisini, lakini timu ya mwaloni inapaswa kuufuata mwezi.

Kwa hiyo, panga upya. Siku za mbalamwezi ziwe siku za mazoezi ya kila jioni na za mechi zote mnazoalika au kualikwa. Siku za giza, wavuvi wapumzishwe bila lawama, na wale wa bodaboda na wa sekondari wafanye mazoezi yao chini ya kiongozi wao wenyewe, ili timu isizimike. Andika mahudhurio kwa miezi mitatu, kisha mpelekee huyo mfanyabiashara daftari pamoja na ratiba mpya, umweleze kwa upole kwa nini jezi zake hazikuonekana uwanjani katika wiki fulani. Naamini mtu anayeishi Kigoma ataelewa, maana yeye naye anakula dagaa.

Kipo pia kipindi kirefu zaidi ambacho nakuomba ukifikirie mapema. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Lengo la hatua hiyo linaeleweka, lakini kijana aliyezoea kupata fedha yake kila alfajiri hujikuta hana kipato wala la kufanya, na anayewahi kumfikia katika hali hiyo mara nyingi ni muuza gongo au mwenye mashine ya kubahatisha. Ziwa linapofungwa kwa utaratibu huo, ndipo timu inapohitajika kuliko wakati mwingine wowote. Ligi ya mialo inayoanza ziwa linapofungwa na kumalizika linapofunguliwa haihitaji fedha nyingi, bali inahitaji mtu wa kuipanga tangu Machi.

Sasa niingie kwenye kiini cha swali lako. Nimefundisha michezo shuleni kwa zaidi ya miaka ishirini, na jambo nililojifunza kwa gharama kubwa ni kwamba mpira wenyewe haumjengi mtu. Katika shule niliyoifundisha mwanzoni, mimi ndiye niliyefungia mipira kabatini, mimi niliyechagua kikosi, mimi niliyetunza fedha za nauli, na mimi niliyeamua ugomvi wote. Tulishinda mechi nyingi. Nilipohamishwa, timu ilikufa kabla ya muhula kwisha, na wanafunzi niliodhani kwamba nimewajenga hawakuweza hata kuandika barua ya kuomba mechi na shule ya jirani. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu vipaji vilikuwepo na muda ulikuwepo. Nilichowanyima ni kuaminiwa.

Kinachomjenga kijana ni kukabidhiwa jambo ambalo wenzake wanalitegemea. Miaka kadhaa baadaye niliitembelea timu moja ya wavuvi kusini mwa mji, na mweka hazina wao alikuwa kijana aliyeacha shule akiwa darasa la tano. Daftari lake alilifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki ili maji yasiliingie. Kila mchezaji alitoa shilingi 500 kwa wiki, naye aliandika polepole, akitamka kila tarakimu kwa sauti ndogo kabla ya kuiandika, kisha akamgeuzia mchangiaji daftari ili ajionee. Nikiwa nimekaa pale kwenye mchanga, nahodha alikuja akitaka shilingi 3,000 za haraka kutoka kwenye mfuko wa timu. Kijana yule, aliyezidiwa na nahodha kwa umri na kwa kimo, akamwambia kwamba katiba inataka sahihi mbili. Nahodha alinung'unika, akaondoka, akarudi na mtia sahihi wa pili. Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyeliona kuwa jambo kubwa. Baadaye nilisikia kwamba mwenye mtumbwi mmoja alimkabidhi kijana huyo hesabu za mauzo yake ya dagaa, kwa kuwa alikuwa ameliona daftari la timu.

Basi gawanya kazi. Awepo mweka hazina, awepo mtunza vifaa ambaye mpira ukipotea ataulizwa yeye, awepo katibu wa kuandika barua za mechi, na kazi hizo zizunguke kila mwaka ili wasizihodhi watu wale wale. Wale wanne wa sekondari wafanye kazi ya ukatibu na kuwafundisha wengine kusoma ratiba na kuandika, maana kijana asiyejua kusoma vizuri huona haya kwenda darasani lakini haoni haya kusoma orodha ya kikosi akitafuta jina lake.

Kuhusu wazee, usiwajibu kwa maneno. Jijini Nairobi, katika makazi ya Mathare, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana ambacho kiliweka kanuni ya ajabu kwa wakati ule: timu inayofanya usafi wa mtaa huongezewa pointi katika msimamo wa ligi. Takataka zilizoziba mifereji zikawa na thamani kama magoli. Kutoka katika chama hicho ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Kanuni hiyo inafaa kabisa mwaloni kwenu. Mkianzisha ligi ya mialo, timu isiyosafisha ufukwe wake na eneo la kuanikia dagaa isipewe pointi kamili hata ikishinda mabao matano. Mama wanaoanika dagaa wakiwaona vijana wa timu wakiokota vyupa na nyavu chakavu asubuhi ya Jumamosi, wao ndio watakaowajibu wazee kwa niaba yenu. Tena mmojawapo wa wazee hao mkaribisheni awe mlezi wa nidhamu, wala asiwe mlezi wa jina tu; apewe mamlaka ya kusikiliza kesi za wachezaji.

Nina ombi moja la ziada, na nalisema kwa uzito wote. Fedha za kwanza za timu zisinunue jezi za pili. Zinunue majaketi okozi. Ninyi ni timu ya watu wanaolala juu ya maji, na upepo wa kiangazi katika ziwa letu mnaujua. Timu inayohesabu wachezaji wake uwanjani ihesabu pia ni wangapi kati yao wanaovaa jaketi wanapokwenda kuvua, na kocha aulize hilo kabla ya kuuliza habari za viatu.

Kuhusu usajili nitasema machache. Andikeni katiba fupi mnayoielewa ninyi wenyewe, kisha mumwone afisa michezo wa halmashauri, ambaye atawaelekeza namna ya kupeleka maombi kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mkitaka pia kukopa kutoka katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 kati yake ni ya vijana, fahamuni kwamba mkopo huo ni wa kikundi chenye shughuli ya kiuchumi. Wachezaji wanaweza kuunda kikundi cha kukausha na kufungasha dagaa, lakini timu haiwezi kukopa kwa ajili ya nauli ya mechi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne hapa Ujiji. Binti yangu wa pili ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza, na mwalimu wake anasema ana kipaji cha mpira wa miguu. Baba yake hataki. Anasema mpira wa miguu ni wa wavulana, jezi ni fupi kwa mtoto wa Kiislamu, na mtoto anarudi nyumbani jua likiwa limezama. Mimi nilicheza netiboli shuleni nikaachishwa nilipovunja ungo, na sikuwahi kucheza tena. Sitaki naye aachishwe, lakini pia sitaki ugomvi ndani ya nyumba yangu. Nimwambie nini baba yao?

JIBU: Mama, hoja za mzee hapo nyumbani ni tatu, nazo hazina uzito sawa, kwa hiyo usizijibu kwa pamoja kana kwamba zote ni ukaidi.

Ile ya kwanza imeshajibiwa na wasichana wenyewe. Mwaka 2022 timu yetu ya taifa ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda Kombe la Dunia nchini India, ikaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, ikatoka sare na Kanada, na kufika robo fainali. Kabla ya hapo hapakuwa na timu ya soka ya Tanzania, ya wanaume au ya wanawake, ya wakubwa au ya watoto, iliyowahi kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Njia hiyo ilifunguliwa na mabinti wa umri wa binti yako. Na hata kama hatafika huko, mwili wake unahitaji kucheza: Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutosha kila siku, na takwimu zake za dunia zimeonyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wenye umri wa kwenda shule hawafikii kiwango hicho, wakati kwa wavulana ni asilimia 78. Pengo hilo limetokana na yale yaliyokupata wewe. Msichana anapovunja ungo, anakabidhiwa ndoo na jiko, na uwanja unabaki kwa kaka zake.

Hoja ya pili ina jibu jepesi, ila ni jibu ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Tangu mwaka 2014 kanuni za soka duniani zinaruhusu rasmi mchezaji kufunika kichwa, na binti anaweza kuvaa suruali ya kubana chini ya bukta na fulana ya mikono mirefu chini ya jezi, rangi zikilingana na za timu. Mwambie mwalimu wa michezo aliweke wazi jambo hilo kwa wasichana wote, ili binti yako asiwe peke yake na asionekane kama aliyepewa upendeleo.

Hoja ya tatu, mama, mzee ana haki, nami nitasimama upande wake. Huku kwetu magharibi mwa nchi jua huzama karibu saa moja jioni, na hilo huwadanganya makocha wengi kuendelea na mazoezi hadi saa moja kasoro, wakisahau kwamba mtoto bado ana mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mazoezi ya wasichana yaanze saa tisa na nusu, yaishe saa kumi na moja, na waondoke kwa makundi kufuata mitaa yao. Muulize kocha: ni mwanamke gani mzima anayekuwepo uwanjani kila siku? Timu ikisafiri kwa mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA au mengineyo, wasichana wanalala wapi na matroni ni nani? Je, kocha huwapigia simu wasichana mmoja mmoja usiku, au ujumbe hupita kwa mzazi? Kocha mwema atafurahi kuulizwa, kwa sababu maswali hayo yanamlinda na yeye. Kocha anayekasirika, mwondoe mtoto siku hiyo hiyo, hata kama timu iko fainali, nawe uripoti unachokishuku kwa mkuu wa shule na dawati la jinsia polisi. Naandika hivi kwa sababu nimewahi kuona watu wazima wakinyamaza kwa kuogopa kuharibu jina la timu, na mtoto akabeba peke yake mzigo ambao haukuwa wake.

Jambo jingine ambalo akina baba hawalisemi, nasi tukiwaachia halisemwi kabisa, ni hedhi. Wasichana wengi hawaachi mpira kwa kuuchoka. Wanaacha kwa sababu uwanja hauna choo chenye mlango na hakuna anayebeba taulo za kike katika mfuko wa huduma ya kwanza. Wewe uliyeachishwa netiboli unaweza kulisimamia hilo kuliko mtu yeyote. Jitolee kuwa mama wa timu, hata kwa siku moja ya wiki.

Kisha mwombe baba yake aende uwanjani mara moja tu, bila kuahidi chochote. Aketi, atazame, arudi nyumbani, aamue baada ya hapo. Wazazi wengi wanaoukataza mpira wa binti wanakataza kitu ambacho hawajakiona kwa macho yao.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha wilayani Kasulu. Kila mwaka vijiji viwili vya jirani na shule yetu hucheza mechi ya ujirani mwema, na kwa miaka mitatu mfululizo mechi hiyo imeishia kwenye ngumi na mawe. Mwaka jana kijana mmoja alivunjwa mkono. Viongozi wanataka kuifuta. Nimesoma kwamba michezo huleta amani, nami nimeanza kuwa na shaka. Ushauri wako ni upi?

JIBU: Shaka yako ni ya haki, mwalimu. Mwaka 1969 nchi mbili za Amerika ya Kati, El Salvador na Honduras, zilikutana katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, vurugu zikazuka, na mwezi uliofuata majeshi yao yakapigana kwa siku zipatazo nne. Watu wameviita vita hivyo vita vya soka, lakini chanzo chake kilikuwa ardhi na wahamiaji wa El Salvador waliokuwa wakifukuzwa Honduras. Mpira ulikuwa kibiriti, na kuni zilikuwa zimeshakauka. Kwa upande wa pili, Côte d'Ivoire ilipofuzu Kombe la Dunia Oktoba 2005 huku nchi ikiwa imegawanyika, Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera wakiwasihi wananchi waweke silaha chini. Na Juni 2007 timu yao ya taifa ilicheza na Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waliokuwa waasi, ikashinda mabao 5 kwa 0 mbele ya watu wa pande zote mbili. Watu hupenda kusema kwamba mpira ulimaliza vita. Tukumbuke kwamba mkataba wa amani ulikuwa umeshatiwa sahihi mjini Ouagadougou miezi mitatu kabla, na kwamba mwishoni mwa mwaka 2010 nchi hiyo iliingia tena katika mapigano. Mechi ile iliwapa watu nafasi ya kuonana baada ya wakubwa kukubaliana. Isingeweza kukubaliana kwa niaba yao.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza kuni ni zipi. Je, kuna mpaka wa mashamba unaogombaniwa? Kuna mifugo iliyoingia kwenye mahindi ya watu? Kuna posa iliyokataliwa? Mechi inayochezwa juu ya mgogoro ambao haujasuluhishwa haistahili jina la ujirani mwema, na wazee wa mabaraza wa pande zote mbili wana kazi ya kufanya kabla ya refa.

Baada ya hapo, usiifute mechi, ibadilishe sura. Kijiji dhidi ya kijiji ndilo kosa la msingi, kwa kuwa kila mpira unaotoka nje unakuwa tusi kwa ukoo mzima. Piga kura ya karatasi na uchanganye wachezaji, ili kila timu iwe na watu sita wa huku na watano wa kule, wavae rangi ambazo si za kijiji chochote, na wafanye mazoezi pamoja kwa majuma mawili, moja katika kila kijiji. Kijana ambaye jana ulimpa pasi na mama yake akakupa maji ya kunywa, ni vigumu leo kumrushia jiwe. Mwamuzi atoke wilaya nyingine au angalau kata ya mbali, na nahodha pekee ndiye aruhusiwe kuzungumza naye. Pombe isiuzwe karibu na uwanja tangu asubuhi ya siku hiyo; katika hili viongozi wa vijiji wasimame imara, maana nina hakika kwamba waliorusha mawe wengi wao hawakuwa wachezaji.

Na kama zawadi ni mbuzi, kama ilivyo desturi, basi mbuzi huyo asiondoke na mshindi. Achinjwe pale pale, apikwe katika sufuria moja, na timu zote mbili zile kabla ya watu kutawanyika. Washindi wakabidhiwe kisu cha kugawa nyama. Heshima hiyo inatosha, tena ina wajibu ndani yake, kwani anayegawa nyama mbele ya kadamnasi hawezi kuwanyima walioshindwa.

Yule kijana aliyevunjwa mkono, kama amepona na anakubali, mpe kazi ya kukagua kikosi kabla ya mechi. Lakini usimlazimishe, wala usimtumie kama mapambo ya sherehe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, naishi Mwandiga, nasomea useremala na nimebakiza miezi minane. Nacheza winga ya kulia, na watu wengi wananiambia niache ufundi nijikite kwenye mpira kwa sababu sasa Kigoma tuna timu Ligi Kuu. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba. Ni kweli kwamba tangu Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2023/24, kijana wa Kigoma anaweza kuwaona wachezaji wa daraja la juu kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika bila kupanda treni, na hilo ni jambo kubwa. Nenda ukawatazame, tena umtazame winga peke yake kwa dakika zote 90, hasa wakati ambapo hana mpira.

Lakini tupige hesabu pamoja. Ligi Kuu ina timu 16. Hata kila timu ikisajili wachezaji 30, hao ni 480 kwa nchi nzima, wakiwemo wageni kutoka nje. Goti likiumia, mkataba haukusubiri. Miezi minane si mingi. Imalize, ufanye mazoezi jioni, na ujisajili katika timu ya wilaya ili uonekane mahali ambapo makocha wanatazama. Kama kuna mtu anayekutaka kwa dhati, atakusubiri hadi upate cheti, na kama hawezi kusubiri miezi minane, hatakuvumilia hata siku utakapokuwa majeruhi. Ufahamu pia kwamba mchezo una milango mingine: uamuzi, ukocha na utabibu wa wanamichezo vina kozi zake, na anayeanza akiwa na miaka 19 ana muda wa kutosha.

Tena umesoma barua ya ndugu yako wa Kibirizi hapo juu. Timu yake ina vijana 22, na magoli yao ni mawe mawili kila upande. Goli kamili lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44: nguzo mbili na mtambaa panya. Ukiwa fundi mwanafunzi, muombe mwalimu wako wa karakana mlichukue kama zoezi la vitendo, mbao zitafutwe na mtaa, nawe uende Kibirizi siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wako nchi kavu na wanaweza kukusaidia kuchimba mashimo.